Tambi za Mama Wei na Maombi ya Mjomba Elkana

Enzi zetu. Najua, msinicheke. Nina miaka kumi na saba, bado nanyoosha mkono darasani kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na mtu wa namna hiyo hana enzi. Lakini nikimtazama mdogo wangu Onchari, mwenye miaka mitano, akiwa amesimama mbele ya maikrowevu akinung'unika kwamba dakika tatu ni nyingi mno, najiona bibi kizee kabisa, nimebakiza mkongojo tu. Kwa hiyo nitasema, na wenzangu mliokulia Fridley, huku Amerika, mtaniunga mkono. Enzi zetu, tambi zilipikwa kwenye sufuria.

Mnakumbuka yale majengo ya matofali karibu na reli. Treni ya mizigo ikipita, vikombe vinagongana kabatini na picha ya babu inaelemea upande. Zulia la korido lilikuwa limekusanya harufu ya kila mpangaji tangu jengo lijengwe, hata ungefumbwa macho ungejua umefika ghorofa gani. Kwetu chini ilikuwa kitunguu kinachokaangwa. Juu yetu ilikuwa mafuta ya ufuta. Theluji iliyorundikwa na katapila kwenye maegesho ndiyo ilikuwa Mlima Kenya wetu, na tuliushuka kwa kukalia maboksi ya televisheni ambayo watu walitupa. Boksi likilowa unateleza kwa makalio yako mwenyewe. Watoto wa leo wananunuliwa vigari vya theluji vya plastiki vyenye breki. Breki, jamani. Mtu anayetaka breki kwenye theluji si angebaki ndani tu.

Mama alikuwa anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na shifti yake ilianza saa kumi na mbili asubuhi. Baba alikuwa bado Nairobi akingoja viza. Kwa hiyo kila siku ya shule, nje kungali giza na gari likikohoa kama mgonjwa, mama alinipandisha ngazi nikiwa na koti juu ya nguo za kulalia, akanikabidhi kwa jirani wa juu, kisha akashuka mbio na viatu vyake vyeupe. Jirani huyo alikuwa mama Mchina mwenye mtoto wa umri wangu aitwaye Wei. Jina lake mwenyewe mama alilijaribu mara mbili, akaliharibu mara mbili, akaona haya, akaamua kumwita kama tunavyoita kwetu, kwa jina la mtoto. Mama Wei alifurahi sana. Kesho yake naye akaanza kumwita mama yangu Mama Moraa, na kuanzia hapo wakawa kama wameolewa boma moja.

Mama Wei alikuwa na Kiingereza kidogo, na mimi nilikuwa na adabu kidogo, tukaelewana vizuri. Asubuhi zote alipika kitu kimoja. Anachemsha supu ya mifupa ya kuku aliyoitengeneza jana yake. Katika kila bakuli anaweka sosi ya soya, matone ya mafuta ya ufuta, pilipili manga, na vitunguu vya majani alivyovikata vidogo hata ungedhani amevinyoa. Anamwaga supu ya moto, harufu inapanda, madirisha yanaingia ukungu. Tambi zinachemka kwenye sufuria nyingine, anazivua kwa vijiti zikiwa bado zina ugumu kidogo, anazilaza bakulini kama mtoto kitandani, juu yake yai na majani mawili matatu ya mboga. Halafu anasema maneno yale yale: "Kula. Sasa." Si baada ya kunawa, si baada ya kuvaa soksi. Ukienda chooni anakuja kugonga mlango.

Siku ya kwanza niliuliza nyanya ziko wapi. Nilikuwa mtoto wa mama yangu, na kwa mama yangu hakuna chakula duniani kisichoanza na kitunguu kukaangwa, nyanya zikafuata. Mama Wei alinitazama kwa huruma. Baadaye mama mwenyewe alipanda juu Jumamosi moja kusaidia, akashika kikaango, akaanza kukata nyanya kwa moyo mweupe kabisa, na Mama Wei akamvua kile kisu mkononi polepole, kama nesi anayemvua mgonjwa miwani.

Kitu kingine kilichonipendeza huko juu ni kelele. Nyumbani kwetu ukila kwa sauti mama anasema, "Wewe ni bata?" Juu, kufyonza tambi kwa kelele ndiyo shukrani. Wei alikuwa anafyonza kama pampu ya kisima. Mimi nilijifunza nikamzidi, na hadi leo hiyo ndiyo fani pekee niliyowahi kuwa wa kwanza. Tulikuwa tunaingia kwenye basi la shule tumevimba matumbo, makoti yananuka ufuta, na wenzetu waliokunywa maziwa baridi yenye vipande vya mahindi wanatuonea wivu lakini hawataki kukiri.

Basi, mwezi wa kwanza mwaka niliotimiza miaka kumi, akaja Mjomba Elkana.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Babu alipofariki yeye ndiye aliyemlea mama, akamsomesha, akamsindikiza hadi uwanja wa ndege. Ni mzee wa kanisa, mrefu, sauti yake inafika kwenye maegesho bila kufungua dirisha. Mama yangu, ambaye nimemwona akimkemea mzee wa kilo mia anayekataa kuoga, mbele ya Mjomba alikuwa anajibu "ndiyo, kaka" na kuendelea kuosha vyombo. Alikuja kututembelea wiki mbili, amevaa suti na koti la mvua la Nairobi, akakaa muda wote mgongo ukiwa umeegemea kile chuma cha joto ukutani, akitazama theluji kama mtu aliyekuja kudai haki yake.

Na alinitazama mimi pia. Hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana sikuwa kitu cha kutazamwa kwa karibu. Alipoingia mlangoni nilimwambia "Hi" bila kuondoa macho kwenye katuni. Sikuinuka. Akaniuliza habari ya masomo kwa Kiswahili, nikamjibu kwa Kiingereza mdomo umejaa bisi. Akaomba chai, mama akanituma, nikaacha maziwa yakafurika hadi chini ya jiko, kisha nikayafuta kwa taulo lake la kuogea. Sikujua ni lake. Sawa, nilijua.

Siku ya nne alimwambia mama, mimi nikiwa hapo hapo mezani, kwamba mtoto huyu anaharibika na wakati wa kumwokoa ni sasa angali mbichi. Angenichukua akirudi. Kulikuwa na shule ya bweni karibu na nyumbani kwake, mabinti wanaamka saa kumi alfajiri, wanapiga deki, wanajua kusalimu. Nilimtazama mama aseme neno. Mama alikuwa anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tangu zamani.

"Sawa, kaka," akasema. "Tutaona."

Mnajua "tutaona" ya kwetu. Siyo ndiyo na siyo hapana, ni mlango umeegeshwa. Na mnajua pia jambo kubwa linavyofungwa katika nyumba zetu. Hakuna kupiga kura. Mzee analiweka kwenye maombi, watu wanaitikia amina, basi, limepita. Hivyo ndivyo mama alivyokubaliwa kuolewa na baba, na hivyo ndivyo alivyokuja Amerika. Ukishaitikia amina, kulibadilisha jambo ni kama kumrudisha Mungu kwenye kikao. Kwa hiyo nilijua siku ambayo Mjomba ataniombea safari na mama akasema amina, mimi nimeondoka.

Nikalia kidogo bafuni. Halafu, kwa kuwa nilikuwa na miaka kumi na kichwa kilichojaa katuni, nikapata mpango. Mjomba alikuwa amesema binti wa miaka kumi asiyejua kuandalia watu kifungua kinywa ni mzigo. Nikamwendea pale kwenye chuma chake cha joto, nikasimama wima, nikamwambia kwa Kiswahili changu kilichovunjika miguu kwamba Jumapili asubuhi nitapika mimi. Akacheka mpaka akafuta macho. Akasema haya, tutakula tuone.

Nilijua kupika kitu kimoja tu, na hata hicho nilikuwa nakijua kwa macho. Nikapanda juu kwa Mama Wei nikamweleza shida yangu yote kwa Kiingereza cha haraka. Alielewa nusu, ile nusu ya kuchukuliwa, kwa sababu alinishika bega na hakuliachia. Akanipa mtungi wa supu, chupa ya soya, tambi za kutosha, na mazoezi ya siku mbili. Nilizipika zikawa uji. Nilizipika zikawa waya. Wei alikula makosa yote bila kulalamika, huyo kijana alikuwa na roho ya dhahabu na tumbo la pipa. Mwisho nikapata. Mama Wei akaonja, akaitikia kwa kichwa mara moja, akanyoosha kidole usoni pangu. Kula sasa. Supu ikishaingia, mtu ale papo hapo. Nikamwambia hilo ni rahisi, sisi watu wetu wanapenda kula.

Jumapili ikafika. Nimevaa aproni ya mama inayoburuta sakafuni, nimesimama juu ya kiti, nimechoma kidole kimoja tu. Mama Wei hakuvumilia kungoja juu, akashuka na mboga za majani mkononi akisema amezileta tu, anaondoka. Lakini kwetu mgeni haondoki chakula kikiwa jikoni. Mama akamvutia kiti, akakaa. Nikamwaga supu. Harufu ikapanda, madirisha yakaingia ukungu kama kule juu. Nikalaza tambi, nikaweka yai, nikapeleka mabakuli manne mezani moja moja bila kumwaga hata tone. Nawaambieni sijawahi kutembea vile tena, hata kanisani na sadaka. Mjomba akainamia bakuli lake, akavuta pumzi, nyusi zikapanda. Niliona kabisa. Alikuwa amependa.

Mama Wei akashika vijiti. "Kula," akaanza kusema.

"Tuombe," akasema Mjomba Elkana.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nimelelewa katika nyumba hiyo, nimekula vyakula vilivyopoa kila wageni wa kanisani walipokuja, na bado halikunijia kichwani. Mama yangu akiomba peke yake anatumia maneno manane, anawahi kazini. Lakini pale alikuwepo mzee wa kanisa, nje ya nchi, Jumapili, mbele ya mgeni asiye wa dini. Angeombaje kwa ufupi?

Alianza na uumbaji. Akashukuru kwa ndege iliyomleta, kwa rubani, kwa waliotengeneza ndege. Nikafungua jicho moja. Mama Wei alikuwa amefungua yote mawili. Alikuwa anatazama mabakuli jinsi watu wa hapa wanavyotazama gari la mtu likizama ziwani kwa sababu alilipeleka juu ya barafu mwezi wa tatu, ikiwa imeanza kuyeyuka. Tambi zilikuwa zinakunywa supu. Tulikuwa tunaziona. Mjomba akaingia kwetu Kisii, akawaombea shangazi wenye miguu inayouma, mmoja mmoja kwa majina, akaombea mahindi shambani, akaombea rais wetu na rais wao. Supu ikashuka chini ya yai.

Nikaona afadhali nimsaidie kufika mwisho. Aliponyamaza kuvuta pumzi, nikasema kwa nguvu, "Amina." Mama akaitikia, kwa mazoea tu. Mjomba akashtuka kwa furaha. Akaona mtoto amepata roho, akaongeza moto. Akapumua tena, nikapiga amina nyingine, akaongeza tena. Nilikuwa namwagia petroli moto niliotaka kuuzima, na sikuelewa kwa nini unawaka. Akaombea theluji. Akawaombea wazee wa mama kule kazini. Mabakuli yalikuwa sasa yamejaa tambi nene, nyeupe, zimeinuka juu ya ukingo kama mkate uliotiwa hamira, na supu hakuna.

"Na mtoto huyu, Bwana," akasema Mjomba, sauti imeshuka, nzito, "umbariki katika safari yake ya kurudi nyumbani pamoja nami, umfungulie njia."

"Amina," nikasema, kwa sauti kubwa kuliko zote.

Ndiyo. Nilijihukumu mwenyewe na nikajigongea nyundo. Nilisikia maneno yangu yakinirudia kutoka ukutani ndipo nikaelewa nimeitikia nini. Nikamgeukia mama. Mjomba alikuwa amenyamaza, anangoja amina ya mama, na mama hakuisema. Mdomo wake ulikuwa umefungwa. Treni ya mizigo ikapita, vikombe vikagongana, picha ya babu ikaelemea.

Halafu mama akafungua macho, akachukua uma, akaukita kwenye lile rundo la tambi, na akala. Katikati ya maombi. Na hakula kimya kama alivyotufundisha. Alifyonza. Ilitoka sauti ambayo Wei mwenyewe angesimama kwa heshima akiisikia.

Mjomba akafumbua jicho moja, kisha la pili. Sidhani kama katika maisha yake mtu aliwahi kula yeye akiwa anaomba, achilia mbali mdogo wake.

"Esta," akasema.

"Chakula kinaharibika, kaka. Kula." Mama akameza, akafuta mdomo kwa kiganja. "Na Moraa haendi. Ni mtundu, najua. Nitapambana naye mwenyewe hapa hapa."

Mama Wei, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, aliona mtu mmoja ameanza kula, akachukulia kwamba hatimaye imeruhusiwa, akafyonza na yeye. Sasa wakawa wawili, mabata mawili mezani, na Mjomba katikati. Akatazama bakuli. Akamtazama dada yake kwa muda mrefu, kama anayemtafuta yule binti aliyemsindikiza uwanja wa ndege. Mwisho akachukua kijiko, akabandua kipande cha zile tambi, maana zilikuwa zinabanduka kama ugali, akaweka mdomoni, akatafuna.

"Hazina nyanya," akasema.

Ndivyo nilivyobaki. Wiki iliyofuata Mjomba aliondoka peke yake, na mlangoni nilisimama, nikampa mkono, nikasema "safari njema", maneno yote mawili bila kukosea. Akaniwekea mkono kichwani. Mama alinikalisha kitako jioni hiyo hiyo, akaniambia kuanzia leo ukinijibu kwa Kiingereza humu ndani utakula theluji. Kiswahili hiki mnachokisoma kimetokana na hofu hiyo, kwa hiyo makosa mkiyaona mlaumuni yeye.

Kwa miaka mingi nilijigamba kwamba mapishi yangu ndiyo yaliyoniokoa. Niliwasimulia vijana kanisani, na kila mwaka supu ilizidi kuwa tamu na Mjomba akazidi kulia kwa furaha. Juzi tu, tukiwa garini tunatoka kumwona Mama Wei, ambaye siku hizi anaishi Burnsville na ana jiko kubwa ambalo ukipiga kelele linarudisha sauti, nikamkumbusha mama jinsi nilivyopika vizuri siku ile.

"Ile?" akasema mama, macho barabarani. "Ilikuwa mbaya sana. Ilinikaa kooni mpaka jioni."

Nikawasha redio, tukaisikiliza mpaka Fridley.

Siku hizi kwetu hakuna anayekaa mezani asubuhi. Baba yuko kazini, mama ana shifti mbili, Onchari anakula tambi za kikombe cha karatasi akiwa amesimama, koti limefungwa, na ukimwambia tambi za Wachina hazizaliwi kwenye hivyo vikombe anakuona mshamba. Mama anaomba garini kwenye taa nyekundu, na taa ikiwa kijani Mungu anasubiri kesho. Nami mwezi wa tisa naenda chuo kule Duluth, nikatazame ziwa kubwa na kujipikia mwenyewe. Enzi zile nilikuwa natetemeka nisipelekwe mbali na mama. Hii safari nimeitaka mwenyewe, na yeye ndiye anayenikumbusha kila siku nifungashe.

Jumapili iliyopita nilimpikia, supu ya mifupa, vitunguu vya majani, kila kitu kama kwa Mama Wei, na kwa mara moja tukakaa wote wawili. Mama akafumba macho juu ya bakuli. Akaniombea chuo, akaniombea barabara ya kwenda, akaniombea baridi ya kule isinizoee vibaya, akamwomba Bwana anifungulie njia. Akamaliza, akasema amina yake. Halafu akafungua macho, akanitazama, akawa anangoja yangu.